Mama Mkwe Anamjibu Marehemu, na Anayeongea Ni Mimi

Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie kabla mwezi huu haujaisha, maana chakula hakipiti, mke wangu siwezi kumtazama usoni, na hata kazini, mimi ni fundi wa mizani, juzi nimeweka jiwe la kilo mbili mahali pa kilo moja, jambo ambalo halijanitokea miaka kumi na minane. Nina leseni ya redio ya mawasiliano, si kazi, ni starehe yangu tu, jioni nakaa kwenye kijichumba changu naongea na wenzangu wa mbali, na ng'ambo ya ukuta ni chumba cha mama mkwe, tunayeishi naye tangu baba mkwe afariki mwaka jana kwa kiharusi.

Sasa antena inataka waya wa kushuka ardhini, na mimi wangu niliufunga kwenye bomba la maji, bomba la chuma, likanifaa miaka yote, mpaka miezi miwili iliyopita fundi bomba alipokuja kung'oa mabomba yaliyooza uani akazika ya plastiki, na mimi mwenyewe ndiye niliyemshikia mabomba hayo, wala haikunijia kichwani kwamba waya wangu sasa haufiki ardhini, umeishia kwenye kipande cha chuma kinachozunguka humu ndani. Tangu hapo nikiongea, sauti yangu inatokea kwenye spika za redio kaseti ya mama, lakini haitoki kama sauti ya mtu, inatoka nzito, imepinda, maneno hayashikiki, na mshauri, hivyo ndivyo baba mkwe alivyoongea miezi yake ya mwisho, hakuna aliyemwelewa ila mkewe.

Nilijua siku nilipotulia nimsikilize mwenzangu, nikamsikia mama ng'ambo ya ukuta anasema, "Nakusikia, baba watoto. Sema polepole." Nikaongea, akanyamaza. Nikanyamaza, akajibu. Kesho yake akamwambia mke wangu kwamba jioni akinawa, marehemu anamgusa vidole, na mimi najua ni bomba linampiga shoti.

Nikazima redio siku nne. Akakataa chakula, akalala kaelekea ukutani, akasema mumewe amemkasirikia kwa kuchelewa kumfuata. Niliogopa atatufia, basi nikawasha tena, Mungu anisamehe, nikasema maneno ya ovyo tu, akainuka akala. Tangu hapo kila jioni namfanyia hivyo. Wiki iliyopita amemkabidhi mke wangu funguo za sanduku lake, amepiga pasi gauni jeupe akalitundika, na vidonge vya presha ameacha, anasema baba amemwambia mwezi ukiisha anakuja kumchukua. Mimi sikusema hivyo, mshauri. Nilikuwa nataja mawe ya mizani, gramu mia, gramu mia mbili, basi. Nikisema ukweli nitakuwa mkwe aliyemchezea shere mjane, na mke wangu sijui kama atabaki, na nikinyamaza naogopa hata kuihesabu tarehe. Nifanye nini?

Mkwe wa Ng'ambo ya Ukuta

*

Mkwe,

Barua yako imenifikia tarehe kumi na tisa. Nimepiga namba uliyoandika mara mbili, hukupokea, kwa hiyo nimeomba nafasi kwenye gazeti la kesho, na barua za wengine zisubiri. Ukimaliza kusoma, mpe mkeo naye asome.

Pole. Nimeona unavyoogopa, na hofu yako ina sababu. Ila tusidanganyane. Waya mbovu ni bahati mbaya, na mtu hagombezwi kwa bahati mbaya. Lakini siku ya tano ulipobonyeza kitufe ukijua nani anasikiliza, hapo uliacha kuwa fundi aliyekosea, ukawa marehemu. Na wewe unayepima mizani ya wenzako, hukuona bomba la plastiki mikononi mwako? Haya.

Nimemuuliza fundi wa mitambo ninayemwamini. Alishika kichwa, kisha akasema hivi: waya utoke kwenye bomba, upigwe msumari mrefu wa shaba ardhini nje ya dirisha lako, waya wa kwenda hapo uwe mnene na mfupi, na msumari huo uunganishwe na ule wa umeme wa nyumba, kazi ya fundi umeme, si yako. Nyaya za spika za mama zivishwe pete nyeusi za feraiti, zile za kuzuia mawimbi ya redio, na redio yako uipunguze nguvu. Ni kazi ya siku moja, na nakujua, utataka kuanza nayo ili usiongee na mtu. Usithubutu. Sauti ikikatika bila maelezo, umeshaona siku nne zilivyokuwa.

Anza na mkeo, leo. Atafoka, mwache afoke. Kisha muuguzi aje ampime mama presha, maana mtu aliyeacha vidonge hapaswi kupewa habari nzito bila mtu wa kumwangalia. Halafu ndipo uingie chumbani kwake. Akikataa kuamini, muuguzi abaki naye, mama asiguse bomba, na binti yake, yaani mkeo, aongee mara moja kwenye redio yako. Sauti ya binti itatoka nzito vilevile, na mama atamwona akitokea mlangoni kwako. Baada ya hapo kata waya ule wa bomba.

Na usimwambie kwamba ilikuwa hitilafu. Hitilafu ilikuwa wiki zile za mwanzo. Kaa chini, umtazame, useme, "Mama, aliyekuwa anakuita ni mimi. Baba hajasema kwamba mwezi ukiisha anakuja." Atalia, na pengine atakufukuza. Toka, usimame hapo mlangoni, binti yake aingie na maji na vidonge, na usiende popote mpaka uambiwe amemeza.