Suti ya Kuzamia ya Ludmiła

Suwałki, 2 Septemba 1997

Mdogo wangu Ludmiła,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo, na kifua cha shemeji kimepoa? Mimi mzima, ila sikio bado linavuma.

Padre Wacław amenitangazia mbele ya watu kwamba mwaka huu, Jumapili ya Rozari, maua ya Mama Maria utayapeleka wewe kwenye sanamu yake chini ya ziwa. Miaka kumi na mmoja nimempelekea mimi. “Bronisława, pumzika sasa,” akasema, kama anavyoambiwa farasi mzee. Haya, nimepumzika.

Unauliza suti ipi inafaa maji ya baridi. Chukua ya kitambaa chepesi kisichopenyeza maji, si ya raba nene. Ijaribu dukani ukiwa na fulana tu, ikukamate mwili. Suti pana hujaa hewa miguuni ikakupindua, ukamwonyesha Mama Maria nyayo.

Dada yako,
Bronisława

Augustów, 19 Septemba

Dada mpenzi,

Milele, amina. Sikio linaendeleaje? Shemeji yako bado anakohoa, lakini kula anakula.

Suti nimenunua. Muuzaji alicheka: “Mama, na nguo za sufu utazivalia wapi?” Nikamwambia, “Dada yangu alianza kuzamia wewe hujaota meno.” Akaifunga suti kwenye karatasi.

Jana niliivaa na sufu ndani. Mkono haufiki koki ya mtungi wa hewa nyuma ya kichwa. Nadhani nimenenepa. Nitapunguza kula hadi siku yenyewe. Usimwambie Padre.

Mdogo wako,
Ludmiła

Suwałki, 23 Septemba

Ludmiła wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. U mzima? Leo nauliza kwa hofu.

Hukunenepa. Suti hujaribiwa juu ya sufu yote, kisha unanyoosha mkono uone kama unaifikia koki. Hewa ikigoma huko chini, koki hiyo ndiyo uhai wako. Nalijua hilo kuliko sala ya jioni. Fulana nilikuambia makusudi. Nilitaka ukose nafasi ya sufu, baridi ikushinde, urudi na maua mkononi, watu waseme Bronisława hakuwahi kurudi nayo. Habari ya mkono sikuiwaza.

Nimepanda basi hadi Sejny kuungama, maana kwa Padre Wacław nilishindwa. Nikaanza kulia, padre wa kule akanikatiza: “Mama, kulia baadaye. Kwanza mwandikie.”

Usiingie majini na suti ile. Yangu nakutumia kwa basi la Alhamisi. Ina kiraka gotini, lakini ni pana na urefu wetu ni mmoja. Wivu haujaniisha, sikufichi. Hata kuikunja, nimeikunja na kuikunjua mara tatu.

Nijibu upesi, hata mstari mmoja.

Dada yako,
Bronisława