Fundi wa Makufuli Ambaye Hakufungua Kabati

Leo mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipomaliza chai yako, ukaweka kikombe chini, ukaegemea kiti na kutuaga bila kelele. Majonzi bado yapo. Lakini tukikutaja nyumbani mioyo yetu huwa myepesi, na tunataka waliokufahamu wajue kwa nini.

Ulitengeneza makufuli na vitasa kwa miaka thelathini na minne, kwenye kibanda kilichopakana na cha mshona viatu. Kufuli bovu ulilibembeleza kama mtoto: "Haya mzee, acha ukaidi, nionyeshe panapouma." Aliyefungiwa nje ya nyumba yake ulimfungulia kwanza, habari ukamuuliza baadaye.

Kisha likaja lile tumbo. Maumivu yalipenya hadi mgongoni, miaka nenda miaka rudi, nawe ukasema ni gesi tu. Ukakonda hadi ukatoboa matundu mawili mapya kwenye mkanda. Zahanati wakasema ni kisukari, na sisi tukajipa jibu: umezidisha vitamu. Mama akafungia sukari, asali na soda kabatini, kwa kufuli kutoka kibandani kwako.

"Mke wangu, mimi ndiye wa kufungiwa kufuli?" uliuliza ukicheka.

"Niahidi hutaligusa."

"Haya, naahidi."

Lakini vipimo vya sukari havikutulia. Mimi, mwanao mkubwa, niliviandika daftarini asubuhi na jioni: leo imepanda hadi ishirini, kesho imeshuka hadi tatu, kwa chakula kilekile na sindano ileile ya insulini. Shangazi akasema, "Fundi kufuli mnamfungia kabati? Si bora mngemfungia paka maziwa kwa uzi!" Tukacheka. Mimi sikusema kwamba unaiba sukari. Wala sikusema kwamba huibi.

Mpaka alasiri ile sukari mwilini iliposhuka ghafla, ukahitaji kitu kitamu upesi, uko peke yako nyumbani, na Mama ametoka na ufunguo. Mshona viatu alikuja kukuletea miwani uliyoisahau kibandani. Alikukuta umeketi sakafuni mbele ya kabati, jasho linakutiririka, mkoba wako wa vifaa uko kando, haujafunguliwa.

"Fundi, kwa nini hufungui?"

"Nimeahidi."

"Ahadi gani hiyo, mwenye kichwa kigumu wewe!" Akakimbilia duka la jirani, akarudi na soda, akakunywesha huku akikugombeza.

Ndipo tukakupeleka hospitali kubwa. Daktari alituonyesha picha ya kongosho lako, lina makovu na vijiwe, limekakamaa. Alieleza taratibu kwamba kongosho ndilo linalotoa insulini, na maji ya kusagia chakula, na hata kile kinachozuia sukari isishuke mno. Lako lilikuwa limeshindwa yote hayo, ndiyo maana ulikonda huku unakula, na vipimo vikapanda na kushuka.

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo si vitamu alivyokula?"

"Si vitamu, mama. Ni ugonjwa wa kongosho uliomletea kisukari."

Mama alilia, akacheka, akakushika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. "Nisamehe, mume wangu."

"Nimekusamehe. Sasa nirudishie kufuli langu, lina mnunuzi."

Baada ya hapo tulipata miaka miwili mizuri. Ulimeza vidonge vya kusagia chakula kila mlo, sindano ikapangwa upya, na sukari ikakaa mfukoni mwako mwenyewe. Ukarudisha mwili. Ukarudi kazini.

Mimi nilichelewa. Ilinichukua wiki nzima kupanga maneno, kisha nikaja kibandani.

"Baba, nilidhani unaiba."

Hukuinua macho kwenye kitasa. "Najua, mwanangu. Hebu nishikie tochi, hapa sioni."

Nikashika. Ulifanya kazi yako mpaka ikaisha, ukinisimulia habari za mteja aliyefungia funguo ndani ya sanduku lake, na hukulitaja tena neno lile hadi mwisho wako.

Unakumbukwa na mkeo, sisi wanao watatu, na wajukuu wako. Mshona viatu anakusalimu. Dada yako ametuagiza tuandike kwamba ile ya paka anaifuta, na anakuomba radhi.

Tutakukumbuka siku zetu zote, Baba, kwa moyo uliotulia.