Macho ya Mama Durga

Jumatano, 9 Oktoba 1974
Mvua tena! Udongo haukauki. Nimeweka majiko ya makaa miguuni pa sanamu ya mungu wetu, Mama Durga, moshi wote machoni mwangu. Chumba cha mbele — galari yangu ya sanamu ndogo, jina langu mlangoni, Khirodbala Pal, mjukuu wangu Bulu ndiye kanifundisha kuliandika — kaingia bwana mmoja na mwavuli. Akauliza fundi yuko wapi. Nikamwambia unamtazama. Akacheka: hapana bibi, fundi mwenyewe. Nyoo!

Ijumaa, 11 Oktoba
Shemeji Nibaran kajimwagia chai. Mkono unatetemeka. Na Jumanne, siku ya Mahalaya, siku Mama anapopewa macho, ndiye wa kuyachora, maana mwanamke haruhusiwi. Miaka arobaini nafunga majani ya mpunga, nakandika udongo, nafinyanga mikono kumi, vidole hamsini — yeye anakuja asubuhi moja, kaoga, kafunga, anachora macho matatu, anavishwa shada! Nikamwambia mwaka huu niachie mimi. Akajibu: "Shemeji, unataka kamati ya mtaa watukatalie sanamu?" Nikamwambia usinijibu kama kaka yako, marehemu mume wangu. Kisha nikamkanda mkono kwa mafuta ya haradali. Mifupa mitupu, mjinga huyu. Hali vizuri.

Jumatatu, 14 Oktoba
Ghoshal wa kamati ya mtaa, walioagiza sanamu, kaja. Maneno yangu yamemfikia. Mwanamke akichora macho, hawaichukui sanamu, wataagiza kwa jirani. "Bibi, si una vidoli vyako pale mbele?" Vidoli! Nikamfungulia mlango atoke, hata chai hakupata.

Jumanne, 15 Oktoba
Mahalaya. Redio zote za kichochoro zinaimba tangu alfajiri. Shemeji kaoga, kafunga. Na mimi nimeoga, nimefunga — hakuna aliyeuliza kwa nini. Kaanza jicho la paji. Mstari ukateleza mpaka puani. Nikafuta. Akarudia. Puani tena! Akaweka brashi juu ya kigoda, akafunga mlango, akasimama hapo, mgongo kwangu. Nikaichukua brashi.

Nimechora la paji. Nimechora la kushoto. Mama ananiona! Mkono wangu haukutikisika hata kidogo. Naandika huku rangi inashika.

Ghoshal anagonga. Anauliza nani anachora humo ndani.

"Mimi, nani mwingine? Subiri huko nje!" Shemeji huyo. Ananiokoa, na kazi yangu anaiiba, mwizi mkubwa.

Bulu, tuliyefungiwa naye humu ndani, hatazami sanamu, ananitazama mimi. Mdomo umenijaa maneno: ni mimi ninayechora! Na jicho la kulia bado —