Programu Uliyotuomba

Dada Mmbone,

Tumenunua ile programu ya kutunza mahitaji ya wateja. Ndiyo habari ya kwanza ninayokuletea, kwa sababu uliilia mwaka mzima, na sasa imekuja wakati huwezi hata kutucheka.

Unakumbuka ule mkutano, mvua ikipiga mabati mpaka tukapaaza sauti? Ulisema mahitaji ya wateja tunaowatengenezea mifumo ya simu hayawezi kuendelea kukaa nusu kwenye jumbe za simu, nusu kwenye mafaili ambayo kila mtu ana nakala yake. Bosi akakujibu, "Mmbone, tuko wanne tu hapa. Si tuongee tu?"

Tukaongea tu. Kisha asubuhi ile ya mwisho tukabishana: wafugaji wa Khayega wanataka ujumbe wa kilo za maziwa kila siku, au mwisho wa wiki? Hakuna aliyejua nakala ya mwisho ni ipi. Ukachukua koti. "Wacha niende nimuulize karani wa chama chao mwenyewe." Boda boda uliyopanda haikufika Khayega. Lori...

Siwezi kuandika hapo.

Karani huyo, Mama Minayo, alikuja mazishini. Alinishika mkono kando ya kaburi. "Alikuwa anakuja kuniuliza nini tena? Si nilimwambia ni kila siku, na akaandika?"

Baada ya matanga bosi aliniita, macho chini. "Chagua programu. Yoyote." Nilijaribu tatu. Moja ilikuwa ya makampuni makubwa, kujifunza kuitumia tu ni kazi ya mwezi. Ya pili ilipendeza, na bosi akaitaka, lakini bila mtandao wa nguvu haifunguki. Ya tatu haina urembo, ila kila hitaji linaonyesha nani alilisema, lini, na nani alilibadilisha. Mteja mwenyewe hulisoma kwa simu yake, akakubali au akakataa.

Nilimwambia bosi, "Hiyo nzuri Mama Minayo hawezi kuifungua. Na maneno yanayoandikwa humo ni yake." Kisha akasema, "Chukua hiyo ingine."

Kazi sasa inaenda vizuri, dada, na hilo ndilo linaniuma. Wiki jana ubishi ulizuka tena. Nikatafuta, jibu likatokea kabla chai haijapoa. Wenzetu wakapiga makofi. Mimi nilitoka nikasimama kwenye ngazi, nikashindwa kurudi ndani.

Kesho naenda Matete kwa wafugaji wengine. Nitakula ugali, obusuma yetu, nao kwanza, kama ulivyokuwa unafanyanga, halafu niwaulize lile swali lako: "Usipopata hii, nini itaharibika?" Nitaandika palepale, wasome wenyewe kabla sijaondoka.

Barabara naiogopa. Nitaenda hivyo hivyo. Nakuahidi, nikiwa hai, hakuna mtu wa ofisi hii atakayelazimika tena kwenda kuuliza jambo tulilokwisha kuambiwa.

Lala, Mmbone.

Mdogo wako kazini,
Khasandi