Walienda Kumchukua Achieng

Kimumu, Eldoret
Jumapili, baada ya kanisa

Mama mpendwa,

Pokea salamu zetu sote, na kabla Nekesa hajakusomea mstari wa pili, mwambie akuletee kiti ukae. Hakuna aliyekufa, hakuna mgonjwa. Ni vile tu nina habari nyingi na zote zinataka kutoka kwa wakati mmoja, na mkono wangu hauwezi kukimbia jinsi moyo unavyokimbia.

Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kupaka aliyokutumia Baba Okoth unaitumia, ama bado iko chini ya godoro ikingoja goti liume zaidi? Mvua imefika huko Bondo? Na Achieng wangu, anakula? Bado anakataa omena mpaka umtolee vichwa? Naandika Kiswahili kwa sababu ya Nekesa, maana najua mke huyu wa kaka yangu akijaribu kusoma Kijaluo unacheka mpaka barua haifiki mwisho. Nekesa, usikasirike, soma tu.

Sisi tuko wazima. Baridi ya huku unaijua. Mashine yangu ya kufuma haipoi, kila shule inataka sweta kabla muhula ujao haujaanza. Baba Okoth bado yuko maabara pale hospitali ya misheni Plateau. Analala huko siku za kazi na kurudi Ijumaa, isipokuwa wikendi za zamu. Okoth yuko darasa la kwanza na ameng'oka meno mawili ya mbele, kwa hivyo akiongea na wewe simama mbali kidogo. Awuor yuko nasari. Yeye ndiye anaombea chakula siku hizi, na anaombea kila kitu kilicho mezani kwa jina, hata chumvi, ugali unapoa sisi tukiwa tumefumba macho.

Sasa nije kwa lile jambo. Mara ya mwisho tulipoongea kwa simu uliniambia, "Wawili umewarudisha, huyu mmoja niachie. Hiyo nchi ilikufukuza na mtoto wa miezi minne mgongoni." Nilikukatia simu, Mama. Nilisema mtandao unapotea. Mtandao haukuwa unapotea. Leo ninakujibu.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilikuwa kwa mashine, Awuor akaja akasimama karibu na goti langu. Akaniuliza, "Mama, Achieng ni wetu ama ni wa dani?" (Watoto hawa wamekataa kabisa kukuita nyanya kama wenzao wa hapa. Wewe ni dani tu.)

Nikamwambia, "Ni wetu. Yuko tu kwa dani."

"Sasa mbona hatuendi kumchukua?"

"Tutaenda siku moja."

"Siku gani?"

Nilikuwa nahesabu mishono ya mkono wa sweta. Nikamwambia aende acheze na Okoth nje.

Saa nane nikawaita chakula. Hawakuja. Nikaangalia choo, nikaangalia nyuma ya tangi la maji, nikaenda mpaka kwa kioski. Hakuna. Nikarudi nyumbani, na hapo ndipo nilipoona mfuko wa shule wa Okoth hauko kwa msumari wake. Sweta ya Awuor haipo. Nikafunua hotpoti: chapati zote nne zimeenda. Nikajua hawajajificha mahali. Wamesafiri.

Mama, nilitoka mbio mpaka uani. Plot yetu ina nyumba nne na geti moja. Pale nje alikuwa Mama Kiptoo peke yake, jirani wa mlango wa pili, anafua. Sasa kuna kitu kumhusu ambacho sijawahi kukuambia. Siku tuliyotoroka vita vya baada ya uchaguzi, wakati moshi ulikuwa umefika upande ule wa kanisa, nilibisha mlango wake. Achieng alikuwa mgongoni, hawa wawili nimewashika mikono. Niliona pazia likisonga. Mlango haukufunguliwa. Tangu turudi, mwaka sasa, tunasalimiana kama watu wawili kwenye foleni ya kliniki. Habari. Nzuri. Kila mtu anaingia kwake.

Aliniangalia mara moja tu akaacha kufua. "Ni nini?"

"Watoto hawapo."

Hakuuliza wangapi wala tangu saa ngapi. Alipanguza mikono kwa nguo yake, akatoka getini na kupaza sauti kwa Kikalenjin, halafu kwa Kiswahili, mpaka akina mama waliokuwa mazoezi ya kwaya wakatoka na vitabu vya nyimbo mkononi. Akaenda moja kwa moja hadi kwa vijana wa boda boda pale kona. "Wewe enda huko chini kwa mto. Wewe enda njia ya shule. Wewe fuata lami ya kwenda mjini." Mmoja wao, hata hakuwa na ubaya, akauliza, "Kwani ni watoto ya nani?"

Mama, hilo ndilo swali nililokuwa nikiliogopa tangu nirudi hapa. Mama Kiptoo akamwambia, "Ni watoto ya plot yetu. Washa pikipiki."

Akaiwasha.

Tulifika barabara ya kwenda Iten tukiwa watu kama ishirini. Mwanamke anayechoma mahindi pale akasema amewaona, kijana na msichana wameshikana mikono, kijana ana mfuko mgongoni. Walimuuliza, "Kisumu ni huku?" Akadhani ni mchezo, akawajibu ndiyo, hata akawaongezea kipande cha mahindi. Kumbe huku ni kuelekea Iten, Mama. Walikuwa wamegeuzia Kisumu mgongo na wanapanda mlima kwa bidii.

Tukakimbia. Patipati ya Mama Kiptoo ilikatika kamba, akaivua, akavua na ya pili, akazitupa zote mbili mtaroni na kuendelea miguu mitupu juu ya kokoto. Mwanamke mnene vile, na sikuweza kumpita. Kila tukikutana na mtu yeye ndiye anauliza, kwa lugha yao, na kila mtu anaelekeza mkono mbele: wamepita, wamepita hapa. Nilikuwa nalia na kuhesabu mikono hiyo inayoelekeza. Kuna wakati gari la mizigo lilipita kwa kasi karibu nasi, na nikafikiria jinsi Awuor anavyotembea katikati ya njia akiimba. Sitaki kukuandikia niliyofikiria hapo.

Ilikuwa karibu saa kumi na moja tulipowapata. Kuna mahali wakulima huleta maziwa yao kando ya lami, kibanda kidogo hivi na mikebe. Mzee mmoja ameketi juu ya kreti, kofia imeshuka mpaka kwa nyusi. Okoth ameketi kando yake anameza maziwa kwa kikombe kikubwa kuliko uso wake. Awuor amelala chini juu ya koti la mzee, chapati imebaki mkononi.

Niliwakumbatia wote wawili mpaka Okoth akasema ninamwaga maziwa yake.

"Mlikuwa mnaenda wapi?" nikamuuliza.

"Kumchukua Achieng," akasema, kama mtu anayeulizwa anaenda dukani kununua nini. "Wewe uko na kazi ya sweta. Daddy yuko Plateau. Sasa tukaenda sisi."

Ndani ya mfuko, Mama, walikuwa wamebeba chapati, kijiko kimoja, sweta ya Awuor na soksi za Achieng za utotoni, zile nyeupe nilizofuma kabla hajazaliwa. Haziwezi kumtosha hata vidole sasa. Walidhani atasikia baridi njiani.

Nilimshika mzee mkono nikaanza kumshukuru. Akasema, "Mama, keti kwanza. Hakuna kitu mbaya." Akanieleza kwamba aliwakuta kwa lango la shamba lake wakiangalia ndama. Mke wake alitaka wawapeleke ndani wapumzike. "Mimi nikakataa," akasema. "Watoto ya watu wameingia kwangu, na kwa majina yao ni watoto ambao sisi tunajua walipitia nini, wazazi watafikiria nini? Nikasema nitawaweka mahali kila mtu anaona. Mama yao akipita, awaone kutoka mbali." Alikuwa ameketi pale nao tangu saa tisa. Wenzake walimaliza kuleta maziwa wakaenda zao, yeye akabaki na watoto.

Nimeifikiria hiyo wiki nzima. Nilidhani woga ni wangu peke yangu. Kumbe mzee wa watu na shamba lake lote alikuwa anaogopa mimi nitafikiria nini.

Vijana wa boda boda walikuwa wametufikia, tukarudi kwa pikipiki tatu, Awuor akiwa bado amelala, kwaya nyuma yetu wakitembea na kuimba bila vitabu kufunguliwa. Nilimpigia Baba Okoth. Alisikiliza yote, akauliza, "Walifika Iten?" na tukacheka sote wawili, cheko la watu ambao wangeweza kuwa wanalia.

Jioni Mama Kiptoo alibisha mlango wangu. Alikuwa amebeba maziwa na miguu yake ina vidonda. Nilimpa kiti, nikaleta maji ya moto na chumvi, akatumbukiza miguu humo. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Ile siku nilikuwa ndani. Nilikusikia ukibisha."

Nikasema, "Niliona pazia."

"Wale waliokuwa wakichoma walikuwa wamesema nyumba itakayoficha mtu itachomwa pamoja na wenyewe ndani. Nilikuwa na watoto wangu watatu chini ya kitanda. Sikatai. Nilikusikia na sikufungua."

Mama, singeweza kumwambia ni sawa, kwa sababu haikuwa sawa. Nilimimina chai. Nilimwekea sukari mbili kwa sababu nimemwona akinunua sukari, najua anapenda. Alikunywa, nikamwongeza. Alipoondoka alikuwa amevaa patipati za Baba Okoth. Tangu siku hiyo mlango wake na wangu iko wazi mchana kutwa, na watoto hawajui tena waseme wamekula wapi.

Hayo ndiyo nilitaka uyajue kabla sijakuomba: Mama, nipe mtoto wangu.

*

Jumatano

Niliiacha barua hii mezani kwa sababu Mwalimu Ogola, yule wa kanisa letu anayekuja huko, hasafiri mpaka Ijumaa. Na jana jioni simu yako ikaingia. Nilipoona ni wewe mwenyewe umepiga, si Nekesa, nilijua kuna kitu.

Umesema Achieng ameanza kukufuata shambani akikuita mama. Umesema ulimwambia, "Mimi si mama yako, mimi ni mama ya mama yako," naye akaweka jembe lake la mti chini na kukuuliza, "Basi wangu yuko wapi?" Ukasema hukulala vizuri, na asubuhi ukamwambia Nekesa amfulie nguo. Ukasema, "Shule zikifunga nitamleta mwenyewe. Nitaangalia huko kwenu kwanza, lakini nitamleta."

Nilipoweka simu chini nilizunguka nyumba mara tatu bila kujua natafuta nini. Okoth ametoa vitu vyake nusu ya kitanda. Awuor anafundisha kiti cha plastiki jinsi ya kuombea chakula, eti ni Achieng anafundishwa. Mama Kiptoo ameuliza kama unakunywa mursik, yale maziwa yao ya kuganda. Nimemwambia nyumbani kwetu hatujui maziwa ya mkaa, akasema utajua. Na mimi nimeanza sweta. Nilimpigia Nekesa leo asubuhi ampime Achieng mabega kwa kamba, kwa sababu sijui mtoto wangu ana ukubwa gani.

Sasa nisikilize. Jana kwa simu sikukuambia kwamba watoto walipotea. Leo nilishika kurasa za kwanza mkononi nikawaza kuzichana. Umeshakubali, nikasema, kwa nini nikuandikie kitu kitakachokufanya ukatae? Nikuambie tu kuna baridi na mashine inafanya kazi. Hivyo ndivyo nilivyofanya ile miaka: nilikuambia tulitoka mapema, nilikuambia hatukuona chochote, nilikuambia majirani walikuwa wema. Ulijua nadanganya, na hiyo ndiyo sababu ulimshika Achieng usimwachilie. Mtu atamkabidhi vipi mtoto kwa mtu anayemficha mambo?

Kwa hivyo zote ziko ndani ya bahasha. Pazia liko, na mlima wa Iten, na yale masaa matatu ambayo sikujua watoto wangu wako wapi. Mwambie Nekesa asiruke kitu. Ukimaliza kusikia, ukiona bado unaweza kuja, njoo.

Msalimie kaka Owino na umwambie lango alilotengeneza tuliliona kwa picha, ni zuri. Msalimie Nekesa, msomaji wetu, na mtoto aliye tumboni mwake. Salimia baba mdogo na mwambie asiache kwenda kliniki ya presha. Salimia mama mkwe wangu ukimwona sokoni, mwambie mtoto wake amenenepa. Na umbusu Achieng mashavu yote mawili, umwambie yule aliyekuwa akimuulizia yuko Kimumu, nyumba ya tatu ukiingia getini.

Mimi binti yako,
Mama Okoth

Nimesahau: mabega ni inchi kumi, ndivyo Nekesa alisema. Nimefuma kumi na moja.