Mkia Nilioacha Kuukata

Nyakabanda, Kigali
Jumatano, baada ya kazi

Mama yangu,

Shikamoo. Jicho la kulia linaonaje sasa, tangu lipasuliwe? Na daktari amekuruhusu kuinama jikoni, au umejiruhusu mwenyewe? Najua Shukuru ndiye anayekusomea. Mdogo wangu, soma yote, usiongeze ya kwako.

Mimi ni mzima. Mvua zimeanza, na kilima cha kupanda kwenda kazini hakijapungua hata hatua moja. Kinyarwanda changu nacho kinapanda polepole. Sokoni bado wananijibu kwa Kiswahili, kwa huruma.

Uliniuliza kwenye simu kazi yangu hasa ni nini, nikasema "mambo ya muziki," ukaniambia "pole" kama mtu aliyepewa habari za msiba. Ni hivi. Albamu siku hizi haiji kwenye kaseti. Mtu ananunua kadi yenye namba, anaiingiza kwenye simu, nyimbo zinashuka. Na kwa kuwa nyimbo peke yake hazimshibishi mtu tena, tunaweka nyongeza: maneno ya nyimbo, picha, video za waimbaji wakitaniana, sauti za mazoezini. Ni kama muuza nyanya anavyokutupia moja juu ya fungu, ila hapa hiyo moja ndiyo wanayoigombania. Nyimbo anarekodi bosi. Nyongeza ni zangu. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kuharibu.

Mwezi huu tumetengeneza albamu ya kwaya moja ya Kagugu, hapa hapa Kigali. Mwalimu wao ni mzee Gaspari, Mnyarwanda aliyekulia Ngara, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Hasifu mtu. Kwake sifa ni kama pombe kwa mgonjwa. Na anayemwandama kuliko wote ni Domitila, mama muuza vitenge, mwenye sauti ambayo ikiingia unasahau ulikuwa unafikiria nini. Miaka kumi na moja anaongoza nyimbo, miaka kumi na moja anagombezwa.

Siku ya mazoezi ya mwisho niliweka kinasa sauti juu ya kinanda. Mwalimu akamsimamisha Domitila mara nne kwenye ubeti mmoja. Ya nne akamwambia mbele ya wote, "Mama, unaimba kama unaita kuku." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nje, akijifunga mtandio, akaniambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, akiniita "sha" kama mdogo wake:

"Sha, miye nimechoka. Iko watu makumi tatu pale ndani, lakini makosa yote iko ya Domitila. Hii albamu itoke tu, narudisha sare yao."

"Usiseme hivyo, mama."

"Oya, hapana. Nimeshaongea na bwana yangu. Imekwisha."

Kwa kwaya hii, kurudisha sare ndiyo talaka, na haina rufaa.

Kesho yake nikakaa kusafisha ile sauti. Kazi yenyewe ni kukata mikia: wimbo ukiisha, kinasa kinaendelea kusikia viti, vikohozi, na watu wakiulizana nani kachukua mwavuli. Nikafika mwisho kabisa. Wote tumetoka, wamebaki mwalimu na mpiga kinanda. Nikamsikia mzee anasema, "Huyu mama akiondoka, mimi nafunga madaftari. Sijapata kufundisha sauti kama ile. Lakini usimwambie, atalegea."

Nikairudia mara tatu, mama. Ya nne nikaenda kunawa uso.

Ungefanyaje wewe? Ningemwambia Domitila kwa mdomo, angedhani namfariji. Ningemwomba mwalimu aseme mwenyewe, ingekuwa sawa na kumwomba acheze dansi kwenye ibada. Nikauacha mkia huo ulivyo, mwishoni kabisa mwa nyongeza. Kabla ya kutoa albamu tuliwapa wanakwaya waisikilize watafute kasoro. Nilihofu bure. Mwanakwaya akipewa albamu hutafuta mahali anaposikika yeye. Nyongeza hakuifungua mtu. Wakasema safi.

Jumapili ikazinduliwa. Jumatatu asubuhi simu ikalia. Domitila, bila hata salamu.

"Sha, ile kitu ya mwisho kabisa... ni yeye?"

"Ni yeye."

"Bwana yangu ameirudia mara tano. Anasema na yeye hakujua mwalimu anapenda sauti yangu." Akakata.

Mchana akaja mwalimu, kofia mkononi. Nikampa kiti, hakukaa.

"Ulisahau kukata."

"Nilisahau, mwalimu. Unisamehe."

"Nimesikiliza mwanzo hadi mwisho. Sijakohoa hata mara moja. Vikohozi vyangu hukusahau kuvikata."

Nikaivuta kompyuta karibu. Nikamwambia albamu za sasa hurekebishika. Akitaka naitoa sasa hivi, na atakayenunua kesho hataisikia.

Akafikiri. "Yeye ameisikia?"

"Ameisikia."

"Basi itoe. Wengine haiwahusu."

Nikaitoa mbele ya macho yake. Nilikuwa nimemkosea, mama, na nilijua hivyo tangu siku ile ya kunawa uso.

Jana nikaenda Kagugu kwenye mazoezi. Domitila alikuja na sare imekunjwa ndani ya mfuko wa karatasi. Akauweka chini ya kiti, akasimama mahali pake. Mwalimu akasahihisha besi, akasahihisha tena, akamgombeza mpiga kinanda ambaye hakuwa amegusa kitu. Kwa Domitila, kimya. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Mwishowe mama wa watu akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, na miye? Leo sina kosa?"

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Ubeti wa pili. Umeingia mapema."

"Sawa, mwalimu."

Wakarudia. Akaingia mapema vilevile. Mzee akageukia dirishani, akamwacha aimbe mpaka mwisho. Mfuko wenye sare alirudi nao nyumbani.

Mfikishie salamu baba mdogo fundi baiskeli, na shangazi anayekuletea mihogo, mwambie nimeuona mkono wake kwenye picha ya sahani mliyonitumia. Bibi mbusu kichwani kwa niaba yangu, hata akigomba. Nawe lilinde hilo jicho, nikija linione vizuri.

Ni mimi binti yako, ninayekukumbuka kila nikipika,
Editha