Wake Zangu Wawili Wanataka Kuzunguka Pwani ya Ulaya Bila Mimi

Kindu, mwezi wa tano, 1981

Mama Onema, wewe unayesoma barua zetu kwenye redio ya Bukavu, nakusalimu kwa heshima na naomba unisaidie kabla sijaiharibu nyumba yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Jina la baba yangu usilitaje hewani, sema Hamadi tu, akina Hamadi hapa Kindu ni wengi.

Mimi ni mtu wa makamo, Mwislamu, kazi yangu ni kusindikiza mizigo kwenye treni, leo Kibombo, kesho Kongolo, nyumbani napita tu, na nina wake wawili, wa kwanza ni Mwanvua, mzaliwa wa hapa hapa, anauza mchele sokoni, watoto wetu wamekwisha kukua, na wa pili ni Safi, ambaye nilimwoa alipokuja huku kutoka Goma baada ya moto wa mlima kufunika shamba la mama yake, naye ana watoto wawili wadogo. Hawa wake zangu hawakuwa wanagombana, lakini hawakuwa wanaongea pia, kila mmoja na nyumba yake, kila mmoja na moto wake, salamu ya asubuhi imetosha, na mimi nilizoea hivyo, nikala huku leo na kule kesho, nikaona ni amani.

Basi mdogo wangu Zuberi, aliyeanza kama fundi wa mashine kwenye boti za hapa mtoni, akaenda Matadi, akapanda meli, na sasa anatengeneza meli huko Marseille, Ufaransa, alitutumia kaseti, maana kuandika hapendi, na ndani ya kaseti akasema, akiniita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu hapa, "Yaya, mwezi wa nane niko na konje ya mwezi muzima, kazi hakuna. Motokari iko, hema iko. Tiketi mbili za ndege nitalipa miye. Kuja na muke wako moja, tutembee kando ya bahari mpaka uchoke." Kisha akanyamaza, tukasikia kitu kinavuta pumzi, kinaiachia, kinavuta tena, na Mwanvua akauliza, "Hii njo nini inapumua?" Safi alikuwa amesimama mlangoni, kwa sababu hakuwa na desturi ya kuingia nyumba ya mwenzake, akasema, "Njo bahari." Mwanvua akamwambia, "Ingia basi, usikie muzuri." Mama Onema, tangu nimwoe Safi ile ndiyo mara ya kwanza aliketi kwenye mkeka wa Mwanvua, na mimi sikuona hatari yoyote, nilikuwa nafikiria tu nitamchagua nani.

Nikawaza wiki baada ya wiki, maana nikimchukua mkubwa, mdogo atanuna, na nikimchukua mdogo, mkubwa atanidharau, na wakati huo huo Zuberi akatuma ramani ya barabara, kubwa kama shuka, na wale wanawake wakaanza kuitazama kila mtu kwa zamu yake, halafu pamoja. Mwanvua alitaka waende upande wa magharibi, Barselona, Valensia, Malaga, mpaka pale ncha ya Hispania ambapo Zuberi anasema ukisimama unaiona Afrika ng'ambo ya maji, na Safi alitaka upande wa mashariki, Nisi, Jenova, mpaka Napoli, kwa sababu alisikia kuna mlima wenye moto ndani kama ule wa kwao na watu wamejenga nyumba mpaka miguuni pake. Walikwenda kuwauliza mapadri Wazungu kama barabara ile ina lami mpaka mwisho, walimwuliza mwalimu wa jiografia kama maji ya chumvi yanaweza kufua nguo, walimwuliza hata dereva mmoja aliyetoka Lubutu kama motokari inaweza kutembea mwezi mzima bila kupumzika. Zuberi alisema kwa kaseti ya pili kwamba pande zote mbili zinawezekana, lakini ni kwa watu wasio na masharti.

Na mimi nilikuwa na masharti, sikatai. Nilisema nitakula bugali kila saa sita, sitalala kwenye hema kama mwindaji, nitalala kwa watu tunaowafahamu, na motokari isitembee baada ya sala ya magharibi. Niliona ni maneno ya mwanaume mwenye akili.

Nikaenda kazini Kongolo. Niliporudi nikakuta moto mmoja uani. Mmoja, Mama Onema. Sufuria moja ya sombe ya majani ya muhogo, watoto wote wanakula sahani moja, na ramani iko juu ya mkeka imewekewa mawe kwenye pembe, na wake zangu wawili wanacheka kitu ambacho waliponiona waliacha kukicheka. Mwanvua akanipa maji ya kunawa, akangoja nikae, akasema, "Baba Zawadi, tulipima ile njia. Na weye ndani, tutafika upande moja tu. Bila weye, tutafika zote mbili."

Nikauliza, "Bila mimi namna gani?"

Safi akasema, "Tiketi ziko mbili. Siye tuko wawili."

"Na bugali?"

Mwanvua akajibu pole pole, kama anavyomjibu mteja mgumu, "Kule bugali haiko, Baba Zawadi. Siye tutakula mukate."

Wakasema Zawadi, binti yangu mkubwa aliyeolewa mtaa wa pili, amekubali kuwaangalia watoto wa Safi, na Zuberi ameulizwa na amekubali, mke wake pia, na kwamba kitu kilichobaki ni kimoja tu, ofisi inataka kila mmoja alete karatasi yenye saini ya mume ndipo maombi ya pasipoti yaende mbele. Yaani walinipangia kila kitu, wakaniachia kalamu.

Nilikasirika nikafanya jambo ambalo nilidhani ni ujanja. Nilisaini karatasi ya Safi, ya Mwanvua nikaiacha, nikifikiri mdogo atafurahi, mkubwa atawaka, na kila mmoja atarudi kwenye moto wake kama zamani. Safi aliitazama saini, akauliza, "Na ya yaya Mwanvua iko wapi?" Nikasema sijasaini. Akairudisha mkononi mwangu, "Basi hii pia ubaki nayo. Sitaenda kukaa nyuma ya motokari, nione vitu vyote vile, na mutu wa kumwambia 'angalia' haiko."

Tangu siku hiyo wananihudumia vizuri, chakula nakikuta kimefunikwa, nguo zimepigwa pasi, hakuna anayenitukana, lakini nikiingia maongezi yanakatika. Mama Onema, nakuuliza: ni haki mume aachwe nyumbani kama sanduku? Nikisaini, watu wa gare, wenzangu wa stesheni, hawatanicheka? Na kitu kingine, ambacho ndicho kinanisumbua zaidi: wale wanawake wameona nini katika karatasi ile ya barabara, ambacho mimi nikiitazama sikioni?

Wako katika mawazo,
Hamadi, Kindu

Jibu la Mama Onema

Bwana Hamadi, pole. Nasema pole kwa moyo, kwa sababu kurudi kazini na kukuta nyumba yako imejifunza kuishi bila kukungoja kunauma, na ungekuwa mtu mbaya usingeniandikia, ungechana zile karatasi ukalala. Pole imekwisha, sasa nisikilize.

Unauliza kama ni haki mume aachwe. Wewe umeacha watu nyumbani mara ngapi? Kibombo, Kongolo, tena Kibombo, na sijasikia katika barua yako kwamba kuna siku uliomba saini ya mtu. Wale walibaki, wakalea, wakakungoja na maji ya kunawa. Mwezi mmoja wa kukaa hautakuua.

Na ule ujanja wa kusaini karatasi moja haukuwa ujanja, bwana. Ulitaka kuwagombanisha watu waliopatana. Wanaume wananiandikia kutoka Uvira mpaka Kasongo wakilia kwamba wake zao hawapatani, wengine wameuza mbuzi kumlipa mganga, na wewe Mungu amekupa amani ya bure kwa njia ya ramani, ukaona ni ugonjwa. Ona aibu kidogo, kisha uache, maana aibu ndefu pia ni kazi bure.

Watu wa gare watacheka, ndiyo. Watacheka mpaka treni ijayo. Ukiulizwa, sema, "Wameenda kwa mdogo wangu," ambalo ni kweli, na uendelee kupakia mizigo.

Ninyi akina mama mnaosikiliza, Mwanvua na Safi mkiwemo, neno lenu lipo pia. Mlipima njia, mkampima na mtu, na mtu hapimwi asipokuwepo. Mngemwambia mapema, angalau apate siku chache za kukasirika faraghani.

Sasa fanya hivi. Chukua karatasi zote mbili, saini siku moja, mbele yao wote wawili, usitangulize moja. Mwambie Zuberi atume tiketi za kurudi pamoja na za kwenda, na wewe mwenyewe uzione. Omba ruhusa kazini kwa mwezi wa nane, ulale nyumbani na wale watoto wadogo, usimtupie Zawadi mzigo wote kwa sababu yeye ni mwanamke. Na usimwambie mtu yeyote, hata siku ya kufa, ni yupi ungemchagua.

La mwisho umeuliza mahali pasipofaa. Unataka kujua wameona nini katika ile ramani. Mimi niko Bukavu, sijawahi kuwaona, na nakwambia kweli hata mimi ningependa kujua. Wao wako uani kwako. Kaa chini, waulize, na mmoja akianza kujibu usimkate.

Imefika baadaye kutoka Kindu

Mama Onema, nimesaini zote mbili mezani, na Mwanvua na Safi wakiona. Halafu nikawauliza kama ulivyosema.

Safi alijibu kwanza. Alisema mama yake alikimbia moto na kitambaa kimoja, na mpaka leo anaulizwa kwa nini alilima chini ya mlima. Basi anataka kufika Napoli awaone watu wanaolala chini ya mlima kama ule, awaulize wao, maana labda wana jibu la kumletea mama yake.

Mwanvua aliokota mawe yaliyoshikilia ramani, akaikunja, ndipo akasema, "Miye nataka kufika pale inchi inaisha mbele ya bahari, nisimame. Nikae vile nataka. Mutu asiniulize ninarudi saa ngapi."

Nilikaa nao mpaka jua likazama, nikauliza mengine, wakanijibu.

Pasipoti zilitoka, na wameondoka juzi. Kwenye uwanja wa ndege Mwanvua alikuwa na kikoi kipya, Safi amebeba mkate, na watoto walinishika mikono huku na huku. Mwanvua alinitazama akingoja nimwulize kitu, kama ninavyouliza siku zote. Nikamtakia njia njema. Sikuwauliza wanarudi lini.